Wiki saba nilizoziruka kwenye fomu

Fomu ya kuomba kazi ya polisi ilikuwa na kurasa 27. Nakumbuka kwa sababu nilizihesabu mara mbili nikiwa bado nimesimama pale dirishani, nikidhani wamenipa na ya mtu mwingine kwa bahati mbaya. Ukurasa wa kwanza haukuwa na neno: jina, tarehe ya kuzaliwa, elimu. Kuanzia wa pili mambo yakabadilika. Kila mahali nilipoishi kwa miaka 10 iliyopita, pamoja na jina la mwenye nyumba. Kila kazi niliyowahi kufanya, hata ya siku moja, na jina la msimamizi, na sababu ya kuondoka. Kila deni. Kila kosa la barabarani, hata lile nililolipia faini papo hapo nikalisahau. Kila mara nilipowahi kukamatwa au kuhojiwa, hata kama sikufikishwa mahakamani. Ndugu wote, na kama kuna aliyewahi kufungwa. Akaunti zote za mitandao ya kijamii, zikiwemo zile nilizokwisha kuzifunga.

Mwisho kabisa palikuwa na mahali pa kutia sahihi, chini ya maneno yaliyosema kwamba taarifa yoyote ya uongo au iliyofichwa ni sababu tosha ya kuondolewa, wakati wowote, hata baada ya kuajiriwa. Hayo niliyasoma mbio mbio, kama watu wanavyosoma masharti ya laini ya simu.

Nilikuwa na miaka 24. Mbio nilizimudu, mtihani wa kuandika nilishafaulu, daktari alishanipima. Kilichobaki ni upekuzi, yaani kuchunguzwa maisha yangu ya nyuma, na sote tuliokuwa kwenye foleni siku ile tuliuona kama mhuri tu wa kukamilisha karatasi. Hatujaua, hatujaiba, watapekua nini?

Mimi nilikuwa na kitu kimoja. Miaka miwili nyuma nilifanya kazi kwenye ghala kwa wiki 7. Kazi yangu ilikuwa kupokea mizigo na kusaini hati ya mapokezi. Siku moja dereva alikuwa na haraka, injini inanguruma, anapiga honi, nami nikasaini bila kuhesabu. Jioni maboksi 11 hayakuonekana. Sikuiba, na hakuna aliyesema nimeiba. Msimamizi aliniita pembeni akaniambia kesho nisije. Basi. Hakukuwa na barua, hakukuwa na kesi. Lakini aibu ile niliibeba kama jiwe mfukoni. Nyumbani niliwaambia mkataba umekwisha.

Nilipofika kwenye ukurasa wa ajira, kalamu ikasita. Kisha nikafanya jambo ambalo wakati ule niliona ni la akili. Kazi ya kabla ya ghala, ya kwenye duka la vipuri, iliisha mwezi wa tatu. Nikaandika wa tano. Kazi iliyofuata ilianza mwezi wa sita, na hiyo nikaiacha ilivyo. Wiki 7 zikafutika, na ghala likafutika nazo. Nikasaini.

Niliitwa kwenye mahojiano baada ya miezi miwili. Mpekuzi wangu alikuwa mama wa makamo, sajenti, mwenye miwani aliyoishusha puani ili anitazame kwa juu yake. Kitu cha kwanza kilichonitisha ni faili. Nililipeleka likiwa jembamba, fomu na nakala za vyeti. Sasa lilikuwa limenenepa hadi limefungwa kwa kamba. Nikajiuliza: hizo karatasi nyingine zimetoka wapi?

Kwa muda wa saa nzima aliniuliza mambo ambayo majibu yake alikuwa nayo. Shule gani, mwaka gani. Nani aliishi chumba cha pili. Kwa nini tulihama. Sauti yake haikupanda wala kushuka. Baadaye nilikuja kujua kwamba anayafanya yale makusudi: unamzoesha mtu kusema kweli, unasikia kweli yake inasikikaje, ili ikibadilika uitambue. Halafu akauliza, kwa sauti ile ile:

"Baada ya duka la vipuri, ulikaa muda gani kabla ya kupata kazi nyingine?"

"Wiki mbili tatu hivi, afande."

"Hukufanya kibarua popote hapo katikati?"

"Hapana, afande. Nilikuwa nyumbani. Shangazi alikuwa anaumwa."

Shangazi hakuwa anaumwa. Mpaka leo sijui nilimtoa wapi. Uongo una tabia hiyo, ukiuita mmoja unakuja na jamaa zake.

Sajenti akaandika. Akafunua karatasi iliyofuata, na kwa kuwa meza ilikuwa ndogo, niliiona kichwa chini miguu juu: taarifa ya michango yangu ya hifadhi ya jamii, mwezi kwa mwezi, mwajiri kwa mwajiri. Mistari miwili ilikuwa imepakwa rangi ya njano. Lile jina la ghala nililisoma kinyumenyume bila shida yoyote.

Alijua kabla sijaingia mlangoni.

Sasa hapa ndipo penye kitu ambacho nimekirudia kichwani mara nyingi kuliko jambo lolote la ujana wangu. Nilikuwa bado na nafasi. Aliweka kalamu chini, akanitazama, akasema: "Kuna jambo lolote ungependa kuongeza au kurekebisha kabla hatujaendelea?" Ule ulikuwa mlango, na aliufungua wazi kabisa. Jasho jembamba lilikuwa linanitoka. Nami nikasema, "Hapana, afande."

Kuna vikosi, hasa Marekani, ambavyo humfunga mwombaji waya za mashine ya kugundua uongo. Sheria yao ya 1988 iliwazuia waajiri wengi binafsi kuitumia, lakini serikali yenyewe haikujifunga. Na mwaka 2003 jopo la wanasayansi wa huko lilionya kwamba kwa kazi ya kuchuja waombaji, mashine hiyo haiaminiki vya kutosha. Mimi sikufungwa waya wowote. Nilikutana na mama mwenye miwani na kalamu ya njano, na sidhani mashine ingenitoa jasho zaidi.

Barua ilikuja ikiwa na mistari mitatu. Hawakunichukua, wananishukuru, naweza kuomba tena baada ya miezi 12. Sababu haikutajwa. Nikafanya wanachofanya watu wengi: nikawaambia marafiki kwamba kazi zile ni za kujuana, wana watu wao. Waliniamini wote. Maneno hayo hayahitaji ushahidi, ndiyo maana ni rahisi kuyasema, na niliyasema karibu nusu mwaka, huku nafsi ikinisuta kila nikikumbuka ule mstari wa njano.

Kilichonichukua muda kuelewa ni kwa nini uongo mdogo vile uwe na uzito kuliko maboksi 11. Ukiondoa sare na kukimbia, kazi kubwa ya polisi ni kuandika na kusema. Anaandika maelezo ya shahidi, anajaza hati ya vielelezo, anasimama mahakamani na kusema nilikuta hiki, mahali hapa, saa hii. Mtu anaweza kupoteza miaka ya maisha yake kwa sentensi mbili za polisi. Marekani jambo hili wameliingiza kwenye sheria: katika kesi ya Brady dhidi ya Maryland ya 1963, Mahakama ya Juu ilisema upande wa mashtaka ni lazima umpe mshtakiwa ushahidi unaomsaidia, na mwaka 1972, katika kesi ya Giglio, ikaongeza na mambo yanayotia shaka uaminifu wa shahidi wao. Kwa hiyo polisi aliyebainika kuwa mwongo ni mzigo kwa kila kesi anayoigusa. Atafanya kazi gani, na mdomo wake haufai mahakamani?

Na upekuzi ukifanywa ovyo, anayelipa si mwombaji. Mwezi Novemba 2014, mjini Cleveland, Marekani, polisi alimpiga risasi na kumuua Tamir Rice, mtoto wa miaka 12 aliyekuwa na bastola ya kuchezea. Baadaye ikajulikana kwamba polisi yule alikuwa ametokea kwenye kikosi cha mji mdogo wa jirani, ambako wakubwa wake waliandika kwamba hafai, na kwamba Cleveland walimwajiri bila kulisoma faili lake la kule. Mwaka 2017 alifukuzwa. Sababu iliyoandikwa haikuwa risasi ile. Ilikuwa taarifa zisizo za kweli kwenye fomu yake ya maombi. Niliposoma habari hiyo niliiweka simu chini nikakaa kimya. Lile sharti la mwisho wa fomu, nililolisoma mbio mbio, kumbe lina meno, ila mara nyingine linauma likiwa limechelewa sana.

Miezi 12 ilipoisha nikachukua fomu tena. Safari hii kulikuwa na swali ambalo mara ya kwanza nililijaza "Hapana" bila kufikiri: je, umewahi kuomba kazi ya polisi popote ukakataliwa? Mimi wa mwaka jana na mimi wa mwaka huu tulikuwa tunakwenda kukutana kwenye meza moja. Ujue hilo kama unaomba kwa mara ya pili: fomu ya kwanza haitupwi. Wataziweka zote mbili ubavu kwa ubavu na kidole kitashuka mstari kwa mstari.

Nilitumia wiki tatu kuijaza. Ukitaka kujua hujui maisha yako mwenyewe, jaribu kuandika anwani zako zote za miaka 10 kwa mpangilio wa tarehe. Nilichukua daftari, nikachora mstari mrefu, nikaanza kuuweka alama: hapa nilifanya mtihani, hapa simu iliibiwa, hapa tulihama usiku. Nikatafuta stakabadhi za zamani, nikampigia mwenye nyumba ambaye hakufurahi kunisikia kwa sababu alidhani nadai amana yangu. Nikaomba mwenyewe taarifa ile ile ya michango. Nikakuta humo kibarua cha wiki mbili ambacho nilikuwa nimekisahau kabisa, kweli kabisa, bila hila. Kama si karatasi hiyo ningekiruka, na wangesema nimeanza tena.

Kwenye mstari wa ghala niliandika: "Nilifukuzwa. Nilisaini mzigo bila kuhesabu, maboksi 11 yakapotea." Kisha, kwa kuwa nafasi ilikuwa ndogo, nikaambatanisha karatasi nikieleza kwamba mwaka jana niliificha kazi hii, nikabadilisha tarehe, na nilipoulizwa ana kwa ana nikasema uongo. Hata shangazi nilimtaja. Kuandika sentensi hiyo ya shangazi kulinichukua jioni nzima.

Wakati huohuo mama yangu naye alikuwa na mkakati wake. Aliposikia kwamba wapekuzi hupita kwa majirani, alipita yeye kwanza. Nyumba kwa nyumba, akiwaomba waseme mwanawe ni mtulivu, ana heshima, na hajawahi kuonekana na makundi mabaya. Sikujua. Nilikuja kujua pale sajenti, yule yule mwenye miwani, aliponisomea kutoka kwenye daftari lake: nyumba ya kwanza, "mtulivu, ana heshima, hana makundi mabaya." Nyumba ya pili, "mtulivu, ana heshima, hana makundi mabaya." Nyumba ya tatu hivyo hivyo, kwa mpangilio huo huo. Akashusha miwani. "Kijana, unaishi mtaani au kwaya?"

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini alikuwa anatabasamu kidogo, na akanieleza kitu ambacho baadaye nilikifanya mwenyewe mara nyingi. Wadhamini unaowaandika kwenye fomu watakusifu, vinginevyo usingewaandika. Kwa hiyo mpekuzi akifika kwao hulenga swali moja tu la maana: nani mwingine anamfahamu? Anapata jina. Anakwenda kwa huyo, anauliza tena. Kufika mtu wa tatu, wa nne, umeshatoka kwenye duara la waliopangwa, na hapo ndipo habari huanza. Kwangu mimi mtu wa nne alikuwa fundi baiskeli ambaye hata sikujua anajua jina langu. Alisema nina hasira za karibu lakini nikikosa narudi kuomba radhi. Sajenti alisema huo ndio ushahidi pekee aliouamini siku ile.

Ghala tulilimaliza haraka, kuliko nilivyotarajia. Alisoma mstari wangu, akasoma ile karatasi ya nyongeza pole pole. Kisha akauliza swali lililonishangaza.

"Nani alikwambia umefukuzwa?"

"Msimamizi, afande."

"Alikupa barua?"

"Hapana, afande. Aliniambia kesho nisije."

Akanitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayetaka kusema kitu na kanuni inamzuia. Kisha akaandika maneno machache na kufunua ukurasa. Sikuelewa lile tazamo. Lilinikaa.

Nilidhani yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Alitoa karatasi moja iliyochapishwa kutoka mtandaoni, akaigeuza ikanielekea. "Hebu nisomee hiyo."

Ilikuwa picha ya video iliyosambaa nikiwa na miaka 19 au 20. Polisi anampiga virungu mtu aliyelala chini, mikono imefungwa nyuma. Chini yake watu mamia wametoa maoni. Moja lilikuwa na jina langu. Neno moja tu na vikatuni viwili vya kicheko.

"Soma, kijana."

"Aongezwe," nikasoma.

Sijui kama umewahi kuambiwa usome kwa sauti kitu ulichokiandika ukiwa umelala kitandani unachezea simu. Neno lile, kwenye chumba kile kitupu, mbele ya mama wa umri wa mama yangu aliyevaa sare, lilikuwa na sauti ya mtu nisiyemjua. Nikaanza kueleza: kila mtu alikuwa anacheka, ilisemekana yule jamaa kafanya jambo baya sana. Akanisikiliza. Kisha akasema, "Mikono yake imefungwa wapi?"

"Nyuma, afande."

"Endelea."

Sikuwa na la kuendelea nalo. Nilisema nilikuwa mjinga, na kwamba sikuitazama video hadi mwisho. Nilicheka kwa sababu wengine wamecheka. Akaandika. Kuhusu lile neno tulikaa dakika 40. Kuhusu maboksi, tano. Mimi niliyekesha nikihofia ghala, sikuwa nimewaza hata mara moja kwamba yule anayetaka kupewa kirungu ataulizwa aliwahi kusema nini kuhusu virungu.

Waombaji wengi siku hizi hukimbilia kufuta. Ukiniuliza, kufuta usiku wa kuamkia kuomba ni kujikaanga kwa mafuta yako mwenyewe. Nakala zipo kwenye simu za watu, na akaunti ya miaka minane yenye machapisho ya wiki mbili tu inasema mengi kuliko ingekuwa imejaa.

Walinichukua. Iliwachukua miezi mitano kuamua, na nasikia hawakukubaliana wote.

Baada ya miaka kadhaa ya doria nilihamishiwa kitengo cha upekuzi, nikakaa upande wa pili wa ile meza ndogo kwa miaka mitatu. Yule sajenti alikuwa ameshastaafu. Niliachiwa kiti chake.

Nilichokiona kule ni kwamba watu hawafichi makubwa. Aliyewahi kufungwa anajua alama za vidole zitamsema, kwa hiyo anaandika mwenyewe au haombi. Wanaficha vya aibu: kufeli darasa moja, ndoa ya miezi minne, deni alilomdhamini binamu akakimbia, kazi waliyotimuliwa wakilia. Wanaficha mambo ambayo jopo la ajira lisingeyajali hata kidogo. Nimewahi kumkataa kijana hodari, mwanariadha, kwa sababu alikana mara tatu kwamba aliwahi kugonga uzio wa jirani kwa pikipiki. Uzio! Mwenye uzio alishasamehe, alishausahau, alicheka nilipomuuliza.

Lakini pia niliona dhuluma za kazi yenyewe, na sitazifunika. Fomu inapenda maisha yaliyonyooka. Mtu aliyekulia nyumba moja, akasoma shule moja, akapata kazi moja, faili lake linang'aa. Mtu ambaye mama yake alihamahama kwa kushindwa kodi anakuja na anwani 14, na kuna wapekuzi wakiona 14 wanaandika "hana utulivu" kabla ya kumwona uso. Nilibishana sana juu ya hilo. Mara nyingine nilishinda. Na deni: mwenye deni kubwa anaweza kuhongeka, hilo ni kweli, ndiyo maana tunauliza, ila deni la hospitali na deni la kamari si deni moja, na fomu ina kisanduku kimoja tu.

Kisha kuna wenye visasi. Jirani mmoja aliwahi kunieleza kwa kirefu, kwa uchungu wa kweli machoni, jinsi binti mmoja alivyokuwa mwizi tangu utotoni. Nilirudi ofisini nimeshamhukumu. Ikabidi nimtafute mtu wa tatu, wa nne, kama yule fundi baiskeli wangu, ndipo nikajua kwamba zile familia mbili zina kesi ya mpaka wa kiwanja. Jambo baya lililosemwa na mtu mmoja halikai kwenye faili mpaka lisemwe na mwingine asiyemjua wa kwanza. Hiyo niliiandika kwenye karatasi nikaibandika ukutani mwangu, kwa sababu nilijua siku nikichoka nitaisahau.

Na kuchoka kupo. Mafaili yanakuja kwa mafungu, wakubwa wanataka idadi, chuo kinasubiri wanafunzi. Uingereza, baada ya polisi aliyekuwa bado kwenye ajira kumuua mwanamke aitwaye Sarah Everard mwezi Machi 2021, wakaguzi walipitia mafaili ya upekuzi 725, na kwenye ripoti yao ya Novemba 2022 wakasema katika 131 uamuzi uliofanywa ulikuwa na mashaka. Wengine walishangaa. Mimi nilifikiria rundo la Ijumaa jioni, na simu ya mkubwa inayouliza yamebaki mangapi.

Kwa ajili hiyo nilijiwekea desturi ya kutotegemea simu. Ukimpigia mwajiri wa zamani, anakutajia tarehe za kuanza na kumaliza, anakata. Ukienda mwenyewe ukakaa kwenye benchi, atakutajia tarehe zile zile, lakini utaona anavyoguna kabla ya kuzitaja.

Ndivyo nilivyojikuta, mwaka wangu wa mwisho kwenye kitengo, nimesimama mbele ya ghala lile lile. Kijana niliyekuwa nampekua alifanya kazi pale miezi minne. Ningeweza kumwachia mwenzangu, nikaona ni utoto. Msimamizi alikuwa yule yule, mvi zimemjaa, sauti imepungua. Alinitazama usoni, akatazama sare, akanikaribisha vizuri. Hakunitambua hata chembe.

Nikamtajia jina la kijana. Akainuka kwa kusaidiwa na meza, akashusha daftari kubwa lenye jalada gumu, likiwa limechakaa kwenye pembe, akaanza kulipekua kwa kulamba kidole. Hawakuwa na kompyuta kwa ajili ya vibarua. Wote walikuwa humo, kwa miaka na miaka, safu nne: jina, kuanza, kumaliza, sababu ya kuondoka. Alikuwa anapekua taratibu, kutoka mwanzo, na mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya bega lake.

Jina langu lilipita. Nikamwomba arudishe kurasa mbili, nikasema nadhani nimeliona la kijana. Akarudisha.

Tarehe zilikuwa sahihi, wiki 7 kamili. Mwandiko ulikuwa wake, wino wa bluu uliokwisha kufifia. Kwenye safu ya mwisho alikuwa ameandika: "Mkataba umekwisha."

Nikakumbuka sajenti alivyonitazama siku ile. Alikuwa amekuja hapa. Alikuwa ameisoma.

"Si huyu," mzee alisema, kidole kikiwa juu ya jina langu. "Wa kwako ni wa juzi juzi, afande. Huyu ni wa zamani sana."

"Ndiyo, mzee. Endelea tu."

Akaendelea. Kijana tulimpata karibu na mwisho, tarehe zake zikilingana na fomu, sababu ya kuondoka ikiwa ni hiyo hiyo, kwa mwandiko huo huo. Nikamuuliza: "Hili neno, mzee, unawaandikia wote?"

Alifunga daftari kwanza. "Wengi ni watoto," alisema. "Huko mbele wataombea nini kazi?"

Nikatoa kalamu, nikavuta benchi karibu. "Basi tukae kidogo, mzee," nikamwambia. "Huyu nieleze aliondokaje hasa."